Msumari wa Kwanza

Kila siku saa kumi jioni mtoto wa jirani alikuja kumnywesha dawa Fundi, mama yake Sindano, na kazi ya Sindano mwenyewe ilikuwa kuosha bilauri.

"Hodi, Fundi!"

"Karibu, mwanangu. Pita na viatu vyako, hapa sisi na vumbi tumeshazoeana."

Aliyepita ni Kicheko, binti wa msusi wa mlango wa pili. Yeye na Sindano walikuwa rika moja, miaka kumi na minne, darasa moja, hata dawati waliwahi kukaa moja. Mtaa mzima ulimwita Kicheko kwa kuwa alicheka hata mahali pasipo na la kuchekesha. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua pakiti, akatoa vidonge viwili, akavilaza kiganjani.

"Leo ni vile vile, Fundi. Cheupe na cha manjano. Cha manjano ndicho kibaya."

"Kichungu kama shubiri," Fundi alisema, akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani na kuliacha gurudumu lisimame lenyewe. "Haya, nitilie."

Akameza. Akatoa ulimi kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki, kama mtoto anayetaka asifiwe, na Kicheko akamsifia, wote wawili wakacheka. Sindano alisimama mlangoni na jagi la maji. Kicheko alitumia dakika tano tu. Sindano alikuwa amefua, amefagia vipande vya vitambaa, na juzi yake alikuwa amepanga foleni kliniki tangu asubuhi kuzichukua hizo hizo dawa. Hakuna aliyemwita mwanangu.

Kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Fundi alikuwa na miezi yake mizuri na miezi yake mibaya. Katika ile mibaya alisikia watu wakizungumza ndani ya cherehani, usingizi ukamkimbia, akafunga madirisha mchana kweupe, na mwisho wake ulikuwa wodini. Nesi wa kliniki alisema dawa zisikatizwe hata wiki mbili. Fundi alipoanza kuzikataa, Mama Mkubwa, yaani dada yake Fundi, alimshauri Sindano: "Zisage, uzitie kwenye chai. Mgonjwa haombwi ruhusa." Sindano akasaga kwa kijiko, akatia, akakoroga, na kwa wiki tatu mambo yalikwenda barabara. Asubuhi moja hakukoroga vizuri. Fundi alimaliza chai, akatazama ndani ya kikombe, akaona unga mweupe umeganda chini. Hakupiga kelele. Alikiweka kile kikombe juu ya meza ya kukatia, kikakaa pale siku mbili, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa.

"Tazama mwanangu anavyonipenda," alikuwa akisema.

Tangu siku hiyo hakula alichopika Sindano wala kunywa alichomimina. Alijipikia mwenyewe, kwa sufuria yake na kijiko chake. Bombani wanawake walimpisha Sindano kwenye foleni kwa adabu iliyozidi kiasi, ile adabu ya kumwogopa mtu. Mama Mkubwa, mwenye wazo lake, alinyamaza kimya kana kwamba hakuwahi kuijua chai. Alichosema ni kwamba mdogo wake akianguka tena, safari hii akitoka wodini hatarudi nyumba ile: atakwenda kukaa kwake yeye Mama Mkubwa, cherehani itauzwa, na Sindano atapelekwa kwa mjomba, ambako watoto saba walilala chumba kimoja.

Kwa hiyo Kicheko ndiye aliyeiokoa nyumba. Alikuja siku moja kupimwa gauni, akamkuta Sindano amepiga magoti na vidonge mkononi, akacheka. "Fundi, mbona unamsumbua mwenzangu? Ni dawa hizo? Lete nikupe mimi." Na Fundi akafungua kinywa. Sindano alishukuru kwa moyo mmoja siku hiyo na kesho yake. Siku ya tatu shukrani zilianza kumwasha.

*

Fundi hakuwa mtu wa futi ya kupimia. "Futi inasema namba," alikuwa akisema, "uzi unasema mtu." Kila aliyekuja alipimwa kwa uzi mnene: fundo la bega, fundo la kifua, la kiuno, la nyonga, na la mwisho la urefu. Kwenye ncha alifunga kipande kidogo cha nguo ya mhusika ili amjue mwenyewe, kisha akautundika. Ukutani juu ya cherehani palikuwa na misumari mitatu. Wa tatu ulikuwa wa wapita njia. Wa pili ulikuwa wa wateja wa siku zote. Wa kwanza ulikuwa wa watu wa nyumbani, na tangu Sindano apate akili ulikuwa na nyuzi mbili tu, wa mama wenye kitambaa cheusi na wake yeye wenye kitambaa chekundu. Hata hilo jina la Sindano alipewa na mama yake siku ya kumpima mara ya kwanza, alipokuta bega la mtoto halijai hata fundo.

Mwezi ule Fundi alikuwa na kazi kubwa: magauni ishirini na manne ya kwaya ya shule, kitambaa cha samawati, kwaya ikienda kushindana mji mwingine. Wasichana ishirini na wanne walikuja kupimwa, na Kicheko alikuwa mmoja wao. Sindano hakuwamo. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri kuliko ya Kicheko, mwalimu mwenyewe alishasema. Lakini mazoezi yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kufua mashuka.

Jioni moja alirudi kutoka dukani saa kumi na nusu, akadhani Kicheko ameshaondoka. Akamkuta amekaa kwenye cherehani. Fundi alisimama nyuma yake, mikono yake juu ya mikono ya binti yule, wakishona pamoja.

"Usiisukume nguo. Iache iende yenyewe. Ehe! Una mkono mwepesi, mwanangu. Ungekuwa wangu, cherehani hii ningekuachia wewe."

"Kwani mimi si wako?" Kicheko alisema huku akicheka.

"Ni wangu. Nani kasema si wangu?"

Lilikuwa neno la utani, kila mtu angeliona la utani, ila Sindano. Tangu siku ya kikombe yeye hakuruhusiwa hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Akaweka mfuko wa chumvi na sabuni mezani, akainua macho ukutani ili asiitazame ile mikono minne. Kwenye msumari wa kwanza palikuwa na nyuzi mbili. Mmoja ulikuwa na kitambaa cheusi. Wa pili ulikuwa na kitambaa cha kijani, na gauni la kijani mtaani pale lilikuwa la Kicheko peke yake. Chekundu hakikuwepo. Akatafuta msumari wa pili, akatafuta wa tatu kwenye msongamano wa nyuzi za kwaya. Hakikuwepo.

"Mama, uzi wangu uko wapi?"

Fundi hakugeuka. "Uzi gani?"

*

Kesho yake mchana, getini mwa shule, Sindano alimvuta Kicheko pembeni.

"Mama amesema usije tena. Amechoka na kelele zako."

Kicheko akacheka kwa mazoea, kisha akaona mwenzake hacheki. "Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na dawa je?"

"Atanywa kwangu. Mimi ndiye mtoto wake. Wewe una mama yako, au msusi hakutoshi?"

Kicheko akaweka mkoba begani, akaenda zake.

Nyumbani saa kumi ilifika na kupita. Fundi alikuwa na pini tatu kati ya midomo, akikunja kola, na kila kishindo cha nje kilimfanya ainue kichwa. Mwishowe alizungumza kwa kona ya mdomo.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Haji."

"Anaumwa?"

Sindano alikuwa ameandaa uongo mdogo wa adabu, kwamba Kicheko ameshikwa na mazoezi. Lakini mama aliuliza huku akitazama mlango, kwa hamu ambayo Sindano hakuwahi kuonyeshwa kwa miezi mingi, na wivu ukamjaa kooni, ukasema wenyewe.

"Anasema hawezi kuja kila siku kwa kichaa."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Wodini lilitamkwa, bombani lilitamkwa, kwa Mama Mkubwa lilizungukwa kwa maneno mengine, lakini humu ndani hata watu waliozungumza ndani ya cherehani hawakulitumia. Fundi alichomoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto, zote tatu.

"Kila mtu ana la kusema," alisema. Halafu akanyoosha mkono kwa Sindano. "Haya, lete hizo dawa."

Sindano alikaribia kukimbia. Akavitoa vidonge, akamimina maji. Mama akavitia kinywani, akanywa maji, akageukia kola yake. Ulimi hakuutoa, na Sindano hakuthubutu kuuomba. Atamwombaje mama yake mzazi amwonyeshe ulimi, siku ya kwanza ya kuaminiwa?

Siku tisa, kuanzia hiyo, zilikuwa tamu kwake. Siku ya tatu Fundi alikula chakula alichopika Sindano, akasema, "Chumvi imekolea," na Sindano akaitembeza sifa hiyo mtaani siku nzima. Akipishana na Kicheko aliinua kidevu. Aliyoyaona hakutaka kuyaona. Cherehani ilianza kulia alfajiri, kisha kabla ya alfajiri. Madirisha yalifungwa. Kichwa cha cherehani kilifunikwa khanga hata wakati wa kushona, mkono wa Fundi ukipita chini yake. Na mapindo, ambayo Fundi siku zote aliyapiga kwa mashine, sasa aliyashona kwa mkono, taratibu, amewapa watu mgongo.

"Pindo la mkono ndilo linalotunza," alisema alipoulizwa.

Sindano alidhani ni msemo wa kifundi.

*

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wa kwaya angekuja saa tatu asubuhi kuchukua magauni, na Sindano aliwasha mkaa mapema, akajaza pasi, akaanza kunyoosha. Magauni ya mwanzo yalikwenda vizuri. Alipofika la kumi na sita pasi ilikwama kwenye pindo, kama imekanyaga changarawe. Akaigandamiza. Harufu kali ikapanda puani, na juu ya kitambaa cha samawati likatokea doa la manjano, likatambaa.

Alichukua wembe, akafumua. Ndani ya pindo kulikuwa na kidonge cha manjano kilichopondeka, na kando yake cheupe, kizima. Akachukua gauni lililofuata, akalipapasa, akafumua. Viwili tena. Akaendelea mpaka akayamaliza magauni tisa, siku tisa, vidonge kumi na vinane juu ya meza ya kukatia, pale pale kilipokaa kile kikombe.

Fundi alitoka chumbani, akaviona.

"Umefumua," alisema polepole.

"Mama, hivi ulikuwa unavi..."

"Umefumua kazi yangu. Mimi nimeviweka mahali ambapo havimdhuru mtu, wewe unavitoa. Wamekutuma tena wale wa kwenye kikombe?"

Akayakumbatia magauni yote, yaliyonyooshwa na yasiyonyooshwa, akaingia nayo chumbani, komeo likapigwa.

Mwalimu alifika na wasichana wawili wa kwaya wa kumsaidia kubeba. Wakakalishwa kwenye benchi la wateja. Kutoka chumbani sauti ya Fundi ilisikika ikiongea na magauni, kwa upole kabisa. "Hatoki mtu. Huko nje wanawasubiri. Kaeni hapa kwangu." Wale wasichana wakaziba midomo, wakatazamana, na Sindano akajua kwamba habari hiyo itaenea shule nzima.

"Tunasafiri Jumatatu asubuhi," mwalimu alimwambia kwa sauti ya chini. "Kama mambo yameharibika niambie tu, mwanangu, nitafute njia nyingine. Sitagombana na mtu." Upole huo ulimchoma Sindano kuliko vicheko vya wale wawili.

Mtaa hauhitaji simu nyingi. Kabla ya saa nne Mama Mkubwa alishuka kwenye gari la kukodi pamoja na wapagazi wawili wa sokoni, mmoja wao ameshika kamba ya kufungia magunia.

"Nilisema. Sikusema?" Mama Mkubwa alijishika kiuno, akiutazama mlango. "Basi yameisha. Uvunjeni."

"Mama Mkubwa, nakuomba. Nusu saa tu."

"Nusu saa ya nini?"

"Yuko mtu mmoja anayemsikiliza."

"Nani huyo?"

"Si mimi," Sindano alisema, akatoka mbio.

*

Saluni ya Msusi ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kimoja. Wateja wawili walikuwa wamekaa, mmoja nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Kicheko aliinama kwenye beseni akiosha vitana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Msusi alijibu, na vidole vyake havikusimama.

"Nimekuja kumwomba Kicheko aje nyumbani. Mama hali yake si nzuri."

"Aa. Leo mwanangu anahitajika. Juzi si alikuwa na kelele?" Msusi aliukaza msuko mpaka mteja akakunja uso. "Nikwambie kitu, binti. Huyu hapa nyumbani haoshi hata kitana bila kusukumwa. Kwenu alikuwa anakwenda mbio. Akirudi ni Fundi kasema hivi, Fundi kanisifia vile. Mimi niliyemzaa ndiyo sijui kusifia mtu. Alipoacha kwenda, sikufichi, nilifurahi kama niliyeletewa zawadi."

Sindano alimtazama kwenye kioo. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye kazi yake na wateja wake, akili zake timamu, na bado alikuwa na kile kile kilichomkaba yeye kooni.

"Hata mimi nilifurahi, Mama," alisema. "Ndiyo maana nilidanganya."

Akayaeleza yote pale pale, mbele ya vichwa viwili vilivyotega masikio: kwamba Fundi hakumfukuza Kicheko, na kwamba yeye alikwenda kumwambia Fundi kuwa Kicheko amemwita kichaa.

Kicheko aliinuka polepole. "Ulimwambia mimi nimesema hivyo? Mimi?"

"Ndiyo."

Kitana kiliruka kutoka mkononi mwake, kikatua kwenye beseni, na maji ya povu yakamrukia Sindano usoni. Sindano hakuyafuta. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Kicheko hakuwa na dalili ya kucheka.

"Siendi kwa ajili yako," alisema, akijikausha mikono kwenye gauni. "Nakwenda kwa Fundi."

Akamtazama mama yake. Msusi aliushikilia msuko kitambo, halafu akauachia.

"Nenda," alisema. "Na urudi."

*

"Hodi, Fundi," Kicheko aliita mlangoni mwa chumba.

Sauti ikatoka ndani, kavu: "Huyo anayeogopa vichaa amefuata nini hapa?"

Kicheko alimgeukia Sindano, akakunja mikono kifuani. Hakuwa na nia ya kumsaidia. Mama Mkubwa alikuwa akisikiliza, na mwalimu, na wapagazi na kamba yao, na wale wasichana wawili waliosogea mpaka ukingo wa benchi wasipitwe na neno.

"Hakusema yeye, Mama," Sindano aliuambia mlango. "Nilisema mimi. Nilimfukuza, halafu nikaja kukudanganya."

"Kwa nini?"

Alitafuta jibu la kupendeza, kuhusu dawa, kuhusu nyumba, kuhusu kwa mjomba. Yote yalikuwepo, na hakuna lililokuwa kweli.

"Kwa sababu yeye yuko kwenye msumari wa kwanza, na mimi sipo."

Ndani palisikika nguo zikiburutwa. Mmoja wa wapagazi alijikuna kichwa, hajui msumari gani unaozungumzwa.

"Na kwenye chai?" Fundi aliuliza.

"Kwenye chai nilitaka upone. Lakini nilikudanganya. Nilipaswa kukuambia."

Mama Mkubwa alikohoa. Akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Hilo la chai ni langu, mdogo wangu," alisema hatimaye, kama mtu anayeng'olewa jino. "Mtoto nilimtuma mimi."

Komeo likavutwa. Fundi alitoka na magauni mikononi, macho mekundu kwa kukesha, nywele zimejaa nyuzi. Akayamwaga mezani. Akampita dada yake, akampita Sindano karibu kiasi cha kumgusa, wala hakumgusa, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Viko wapi?"

Kicheko alikwenda kwenye kabati, akafungua pakiti. "Ni vile vile, Fundi. Cheupe na cha manjano."

"Cha manjano ndicho kibaya," Fundi alinong'ona, akafungua kinywa. Akameza, akatoa ulimi, na safari hii hakuna aliyecheka. Sindano alichukua bilauri akaenda kuiosha. Aliiosha mara tatu, maji na machozi hayajulikani yapi ni yapi, huku moyo ukimwuma vile vile kama zamani, maana hata sasa haukuwa mkono wake.

"Sasa kamba yetu, Mama?" mpagazi aliuliza.

"Kamba ya nini? Nendeni mkafungie magunia," Mama Mkubwa alifoka.

Gari lilikuwa limeshakodiwa, likawapeleka kliniki. Fundi alikaa nyuma kati ya dada yake na Kicheko, Sindano mbele na dereva. Nesi alimchoma sindano, akabadilisha kipimo cha dawa, akasema aletwe kila wiki, na kwamba maadamu amekuja kwa miguu yake hakuna haja ya wodi. Mama Mkubwa alisema atatazama mwezi mmoja kabla ya kuamua lolote. Magauni yaliondoka Jumapili jioni, mapindo tisa yameshonwa upya kwa mkono wa Sindano. Lile lenye doa la manjano lilimwangukia mmoja wa wale wasichana wawili wa benchi, na Sindano hakusikitika sana.

*

Mwezi uliofuata Fundi alilala sana na kushona kidogo. Dawa mpya zilimtetemesha mikono, gauni la siku moja likawa la siku nne, na wateja wengine wakahama. Mama Mkubwa alikuja, akatazama, akaondoka, akasema ataongeza mwezi. Saa kumi Kicheko alikuja kama kawaida. Na Sindano alizungumza naye yale ya lazima tu: maji haya, pakiti imekwisha, kesho ni kliniki.

Siku moja, Kicheko alipokwisha kuondoka, Sindano alikuwa akifagia chini ya meza.

"Mama. Uzi wangu ulikwenda wapi?"

Fundi alilaza mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Niliutupa."

"Lini?"

"Siku ya kikombe." Mguu wake ulikuwa juu ya pedali lakini haukusukuma. "Ulikuwa wa mtoto ninayemjua. Nikasema, huyu aliyenitilia unga simjui. Nitampimaje kwa uzi wa yule?"

Sindano aliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Weka huo ufagio. Njoo hapa. Simama wima."

Akasimama. Fundi alikata uzi mrefu kutoka kwenye kibunda, akaanzia begani. Vidole vilitetemeka, fundo la kwanza likamponyoka mara mbili, na Sindano aliibana mikono yake mapajani ili isiende kumsaidia. Bega. Kifua. Kiuno. Nyonga. Fundi alipiga magoti kwa ajili ya urefu, akauvuta uzi mpaka kwenye kifundo cha mguu, akatulia.

"Umerefuka," alisema, kwa sauti ya kulaumu. "Umerefuka mimi nikiwa sipo."

Alikata kipande kidogo ndani ya pindo la sketi ya shule ya Sindano, akakifunga kwenye ncha, akapanda kigoda. Sindano akakishikilia. Mkono wa mama ulipanda mpaka kwenye msumari wa kwanza, kwenye kitambaa cheusi na kile cha kijani, ukasimama hapo. Kisha ukasogea, ukautundika uzi kwenye msumari wa pili, kati ya wa mke wa mwenye bucha na wa mwalimu wa kwaya.

"Kwa sasa," Fundi alisema, akashuka.

Sindano alibaki akitazama ukutani. Kile cha kijani kilikuwa bado pale pale kilipokuwa, na kilimuuma pale pale kilipomuuma. Akapima kwa macho kutoka msumari wa pili mpaka wa kwanza. Palikuwa na upana wa kiganja kimoja, haukuzidi.

Kesho yake saa kumi alimfungulia Kicheko mlango kabla hajapiga hodi. Kicheko alikwenda kwenye kabati, akatoa vidonge, na alipokuwa akisubiri Fundi amalize mshono aliinua macho.

"Kuna uzi mpya pale. Wa nani?"

"Wa mteja," Sindano alisema, akimimina maji kwenye bilauri. "Mteja wa siku zote."

Na Kicheko, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya beseni, akacheka.